Mgonjwa wa Kumi na Mbili

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila ulimi wake hauna maumivu yoyote, na anakusalimu. Mtoto ameanza kutembea, na anatembea kuelekea kila kinachovunjika. Baba yake amepandishwa cheo shuleni, kwa hiyo sasa anarudi nyumbani na madaftari mara mbili ya yale ya zamani. Watu wanampa hongera naye anauliza azipeleke wapi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Pamoja na kazi yangu ya wodi ya magonjwa ya ndani, nimeteuliwa kwenye kamati inayopitia upya mwongozo wa tiba, lile libuku la kurasa mia tatu lililo mezani kwako. Tuko madaktari kumi na watatu. Kila mwezi tunasoma tafiti mpya, tunabishana, kisha tunaamua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Na kuna jambo la nyumbani, Mjomba, naomba usikasirike. Kulikuwa na kikao cha familia hapa, na mama ndiye aliyekiitisha. Wanasema una miaka sabini na mmoja, zahanati imechakaa, na ikifika mwisho wa mwaka ufunge mlango upumzike. Nilikutetea mpaka sauti ikakauka. Mwisho tulikubaliana hivi: kila mwezi nitakutumia yaliyobadilika, nawe utanijibu kwa barua umebadilisha nini hapo kazini. Ukiyamudu, zahanati inabaki wazi. Ukishindwa, sitakuwa na la kusema tena.

Ya mwezi huu ni mawili. Nimonia isiyo kali kwa mtu mzima: siku tano za antibiotiki zinatosha kama mgonjwa anaendelea vizuri. Zile saba hadi kumi tulizozizoea hazimwongezei kitu ila madhara. Arudi siku ya tatu umwangalie. La pili ni aspirini ya kila siku kwa wazee ambao hawajawahi kuugua moyo wala kupata kiharusi. Usimwanzishie mtu. Aliyekwisha kuanza, kaa naye mzungumze kuhusu kuiacha, maana kwa umri huo hatari ya damu kuvuja tumboni inazidi faida. Waliowahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi wao waendelee.

Najua simu hupokei, kwa hiyo nasubiri barua.

Mpwa wako,
Chiriku


21 Februari

Chiriku,

Marahaba. Jina hilo nilikupa una miaka minne, kwa sababu hukunyamaza hata ukiwa na kipimajoto mdomoni, na nafurahi kuona udaktari haujakubadilisha. Mimi mzima. Sista, muuguzi wangu wa miaka ishirini na sita, naye mzima. Amenunua miwani mipya na sasa anayaona makosa yangu akiwa mlangoni. Simu ninayo. Tochi yake ni nzuri sana kwa kuangalia makoo.

Kwa hiyo dada yangu anataka nifunge. Haya. Mitihani nilikutungia mimi ulipokuwa unasoma, leo kibao kimegeuka. Sitakuaibisha.

Utaratibu wangu unaujua. Ukurasa wa zamani siuchani. Naandika jipya kwenye karatasi, nalibandika juu ya la zamani kwa gundi, upande mmoja tu, ili anayetaka aliinue aone tulikuwa tunakosea wapi. Libuku limevimba mpaka halifungiki, na Sista analiwekea tofali.

Nimonia: wa kwanza kupata siku tano ni mwalimu mstaafu wa hapo jirani. Alihesabu vidonge mbele yangu, akavihesabu tena, kisha akasema, "Daktari, siku zangu mbili umempa nani?" Amepona, na bado ananidai. Lakini waambie wenzako hivi. Hiyo "arudi siku ya tatu" imeandikwa na mtu anayekaa karibu na hospitali. Nina wagonjwa wanaotembea saa tatu kuja hapa. Waje leo wakikohoa, warudi keshokutwa kwa mabawa? Mimi nawapa siku zote tano palepale, na karatasi yenye mambo manne ya hatari. Likitokea moja, arudi hata kwa kubebwa. Waulize kama kwenye hizo tafiti alikuwemo hata mmoja wa kutembea saa tatu.

Aspirini: mimi na Sista tumepitia mafaili yote kwa siku mbili, tukapata wazee kumi na mmoja. Wawili walishawahi kupata kiharusi, wanaendelea. Tisa nimekaa nao mmoja mmoja na wote wameacha. Bibi mmoja alilia, akidhani nimemkatia tamaa. Nilimwambia namwachisha kwa sababu nataka kumwona miaka kumi zaidi, akafuta machozi akaniuliza kwa nini kumi tu.

Nipe alama zangu.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Alama umepata zote. Na si hilo tu. Nilisoma maneno yako ya siku ya tatu mbele ya kamati, kwa sauti, pamoja na yale mabawa. Chumba kizima kilicheka, kisha tukaulizana, na kati ya kumi na watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo mgonjwa hawezi kurudi. Mwenyekiti aliuliza huyu ni nani. Karatasi yako ya mambo manne inaingia kwenye mwongozo, karibu neno kwa neno. Usivimbe kichwa, kofia hazitakutosha.

Mama anakuja kwako wiki ijayo kwa siku sita. Mwekee kiti chenye mgongo. Tafadhali usimgusie habari za kikao, atasononeka bure.

Ya mwezi huu ni namna ya kupima presha. Mgonjwa akae dakika tano kabla ya kupimwa. Mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, kipimo kinapanda na mtu anapewa dawa asizozihitaji. Na hakuna kuzungumza wakati wa kupima. Mjomba, hapo nakutazama wewe. Unapima presha huku unamuuliza mtu habari za shemeji yake anayemdai shamba. Hiyo presha ni ya shemeji.

Chiriku


17 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimechelewa, naomba radhi. Kazi zilikuwa nyingi na mimi nimekuwa mzito kidogo, joto tu la msimu.

Dada alikuja, tukacheka siku sita. Alipanga upya kabati langu la dawa, na mpaka leo Sista anatafuta bandeji. Tulizungumza mengi, mengine ni ya kaka na dada, hayakuhusu.

Presha: nimeweka viti vitatu kwenye ukumbi, vyenye migongo, na Sista amebandika karatasi ya DAKIKA TANO, KIMYA. Kimya chenyewe kimetushinda wote, lakini tunajitahidi. Kati ya watu thelathini niliowapima upya kwa utaratibu wako, sita hawakuwa na presha kabisa. Sita, Chiriku! Mmoja nilimpa dawa miaka minne. Nilimwomba msamaha. Alisema hana neno, ila shemeji yake ndiye ampigie magoti.

Kiti cha nne nimekichukua mimi. Nakaa palepale ukumbini, wagonjwa wanakuja mmoja mmoja badala ya mimi kupanda zile ngazi nane za chumba cha juu. Ni utaratibu mzuri, sijui kwa nini sikuufikiria zamani. Na usidhani nimezeeka: meno yangu yote mazima, kutwa natafuna barafu ya dukani hapo mbele, kra kra kra, mpaka Sista analalamika kelele. Mwenye duka ananiwekea mfuko kila asubuhi. Jioni hubadilika kuwa baridi kidogo, navaa sweta.

Nitumie ya Mei. Nimeizoea hii mitihani kuliko nilivyotarajia.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama.

Barafu. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa mwaka wa tatu, kwenye kile kibenchi cha nje: mtu mzima anayetafuna barafu kutwa, usimcheke, mpime damu, huenda imepungua. Na umetoroka ngazi nane. Na unavaa sweta wakati hapo kwako, katika barua ileile, kuna joto.

Kwa hiyo ya Mei ni maswali manne, na kila moja nataka ndiyo au hapana. Moja: unachoka au kuishiwa pumzi kwa kazi ambayo zamani hukuihisi? Mbili: choo chako kimekuwa cheusi? Tatu: umepimwa damu mwaka huu? Nne: mlipopitia mafaili mkapata wazee kumi na mmoja. Faili lako wewe liko wapi? Nakumbuka kichupa cheupe kando ya mswaki wako tangu niko sekondari.

Nimempigia Sista. Amesema daktari amemkataza kusema, na hilo limeniambia vya kutosha.

Chiriku


1 Mei

Chiriku,

Marahaba sana. Habari za mtoto? Sisi hapa tumepaka rangi mlango, ya kijani. Mwalimu mstaafu anasema ni kijani cha shule, mimi nasema ni cha hospitali. Paa la chumba cha sindano lilikuwa linavuja, fundi amekuja, akapanda, akashuka, akasema tatizo liko juu. Tumemshukuru.

Kuhusu maswali yako. La kwanza ni zuri. La pili ni la kitaalamu sana, linaonyesha umesomeshwa vizuri, na nani tena kama si mimi. La tatu tunalifanyia kazi. La nne lina ukali ambao sikuutarajia kwa mtu niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Nisalimie dada.

Mjomba wako


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sikuuliza kuhusu paa.

Barua hii nimempa dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako. Ikifika Jumapili sijapata jibu, Jumatatu utaniona mlangoni, rangi yoyote uliyoupaka. Unajifanya hamnazo na mimi silali. Nakupenda na nimekasirika, vyote kwa pamoja.

Chiriku


8 Mei

Kwa: Daktari, Wodi ya Magonjwa ya Ndani
YAH: RUFAA YA MGONJWA, MWANAMUME, MIAKA 71

Daktari mwenzangu,

Tafadhali pokea mgonjwa huyu na umhudumie.

Historia: miaka kumi na tisa iliyopita alijiandikia aspirini ya kila siku, bila kuugua moyo wala kiharusi, kwa sababu wakati huo wote tuliamini hivyo. Februari mwaka huu alisoma mwongozo mpya, akauelewa, akaubandika kwa gundi, akawaachisha wazee tisa. Jioni ile alirudi nyumbani akameza kidonge chake kama kawaida. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mwongozo ni wa wagonjwa.

Dalili: choo cheusi tangu mwanzoni mwa Machi, kinakuja na kupotea. Uchovu. Kuishiwa pumzi kwenye ngazi ya tano kati ya nane. Barafu.

Vipimo: hemoglobini 6.9. Muuguzi alipima mara mbili kwa sababu mgonjwa alidai mashine imeharibika. Muuguzi kisha alijipima mwenyewe kwa mashine ileile, akapata 13, akamwekea mgonjwa karatasi mbele ya macho.

Hatua zilizochukuliwa: aspirini imeachwa leo. Kichupa anacho muuguzi. Mgonjwa amefunguliwa faili, namba kumi na mbili.

Sababu ya kuchelewa: mgonjwa anadai hakuwa na daktari.

Tabia: mbishi. Mzoee.

Anafika kesho asubuhi akisindikizwa na muuguzi.

Wako katika kazi,
Daktari Mfawidhi


16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu tangu urudi nyumbani na wodi bado inakuulizia. Yule mgonjwa wa kitanda cha jirani, uliyemfundisha kuegemeza mkono wakati wa kupimwa presha, sasa anawasahihisha manesi wetu. Mama anasema nyumba imepoa tangu umalize zile siku chache za kupumzika kwetu. Mtoto anasimama mlangoni na kusema "Babu kra kra."

Kwanza majibu ya rufaa, kama inavyotakiwa. Mgonjwa alipokelewa na kuongezewa damu chupa mbili. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda cha tumbo kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kilikuwa bado kinavuja. Amepewa dawa ya kupunguza asidi, na ya kuua wadudu waliokuwa wanakichokonoa. Aspirini isirudi. Kidonge cha madini ya chuma ale leo, kesho apumzike, keshokutwa tena. Tafiti mpya zinaonyesha mwili unakipokea vizuri zaidi hivyo na tumbo halisumbuki. Apimwe damu kila mwezi, na si yeye mwenyewe ajipime.

Sasa lile nililoshindwa kukuambia siku zote kumi na mbili ulizokuwa kitandani, ingawa kila asubuhi nilikuja nimejiandaa.

Hakukuwa na kikao. Mama hajawahi kusema ufunge zahanati, wala mtu mwingine. Nilitunga mimi. Kamati yetu ilikuwa na madaktari kumi na watatu na hakuna aliyejua mwongozo unavyosomeka mahali pasipo na maabara ya maana. Nilihitaji macho yako. Ningekuomba msaada ungesema wewe ni mtu wa zamani, niwaulize wenye vyeo. Nikajua nikikutisha utapigana. Nikaona ni ujanja mzuri, tena wa kuchekesha.

Kumbe nimekuwekea sababu ya kuficha. Ulikuwa unavuja damu, na hukusema, kwa sababu ulidhani ukionekana mgonjwa nitakufungia mlango. Ungekufa kwa utani wangu, Mjomba. Nimelia kwenye bafu la wodi mara nyingi kuliko nilivyolia nikiwa mwanafunzi. Nisamehe. Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa.

Chiriku


5 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba, tena kwa sauti kubwa, maana pumzi ninazo. Sista alinipima jana: 11.8. Nilitaka kujichoma kidole mwenyewe akanichapa kofi mkononi. Ngazi nane napanda na kushuka, mara nyingine bila sababu yoyote, kujionyesha tu. Mwenye duka anauliza kwa nini nimemsusa. Nilimweleza, na sasa anamtazama kwa jicho kali kila mteja anayenunua barafu, ameshanitumia wawili kupimwa. Mmoja kweli ana upungufu wa damu. Mwalimu mstaafu amekuja kunijulia hali akaniuliza dawa yangu ni ya siku ngapi. Nilipomwambia, akasema, "Ala! Wewe unajipa nyingi."

Sasa sikiliza, na kwa mara moja maishani mwako usinikatize.

Tangu Machi nilijua kikao hakikuwepo. Dada alipokuja nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu ya kutetea zahanati yangu. Nilipofika sentensi ya pili akaniuliza, "Nani afunge? Kikao gani? Umeanza kuchanganyikiwa?" Nikamwambia nilikuwa natania. Usiku ule nilicheka peke yangu mpaka nikaenda kunywa maji. Nikasema huyu mtoto kanipiga chenga ya mchana kweupe. Na nikakata shauri ninyamaze, kwa sababu nikisema najua, barua zitakoma. Miaka minane ulikuwa unaniletea zawadi kila likizo, lakini hukuwa umeniuliza swali hata moja la kazi. Mwaka huu ulianza kuniuliza.

Kwa hiyo ule mzigo utue, si wako. Sikuificha damu kwa kuogopa kufunga zahanati.

Nilificha kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia kuhusu aspirini, mimi nikakujibu kwa madaha kwamba nimewaachisha tisa, ukanipa alama zote, ukanisoma mbele ya watu kumi na watatu. Ningerudi vipi kukuambia kwamba mwalimu wako hakujua kujitibu? Kukosea mbele ya kamati nzima ningeweza, Chiriku. Mbele yako nilishindwa. Nilikaribia kufa kwa aibu, na nasema hivyo kama utambuzi wa kitabibu.

Kisha nikakosea mbele yako kabisa, mchana, kitandani, nimevaa gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni. Nawe ukavuta kiti, ukakaa, ukauliza, "Unajisikiaje?" Basi. Miezi yote hiyo nilikuwa nakimbia swali hilo tu.

Tuma ya Agosti. Nikishindwa kitu, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mjomba wako, na mgonjwa wako